Salsa, rumba, flamenko: ni mziki mmoja wa Kihispania? Jibu kwa mpiga besi wa Mombasa

Swali: Mwalimu shikamoo. Mi napiga besi kwenye bendi ya hoteli huku Mombasa. Majuzi tulipata wageni kutoka Hispania wakaomba mziki wa kwao, bendi lida akasema twende na salsa, tukaunganisha na rumba za zamani za Kongo maana vinaingiliana kabisa. Wakacheza vizuri tu, lakini mmoja akanifuata wakti wa mapumziko akanambia asanteni sana ila huu si mziki wetu. Lida anasema salsa, rumba, flamenko, bachata, reggaeton vyote vimetoka Hispania maana lugha ni moja. Ni kweli? Na kwa nini mziki wa Kuba na rumba ya kina Franco wa Kongo vinafanana hivi, nani alichukua kwa nani? La mwisho, kila nikipiga salsa drama (mpiga ngoma) wetu analalamika nachelewa, nakosea wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Huyo mgeni alikwambia kweli, na lida wenu nae namuelewa, maana wengi tukisikia kihispania tunaweka kila kitu kapu moja. Lakini lugha ya kuimbia ni jambo moja na mapigo ni jambo lingine. Hapo kwenu Mombasa mtu anaimba kiswahili juu ya taarab, mwingine juu ya chakacha, mwingine juu ya rege, na hakuna atakaekwambia ni mziki mmoja. Huko nako ni hivohivo. Hispania ilitawala sehemu kubwa ya Amerika kwa karne tatu na zaidi, ikaacha lugha, ikaacha gitaa, ikaacha aina zake za mashairi, afu kila nchi ikaweka mapigo yake chini, na kwenye visiwa vya Karibi sehemu kubwa ya hayo mapigo ilishuka pwani na Waafrika waliouzwa utumwani. Salsa mama yake ni Kuba na ilikuzwa New York. Flamenko ndo ya Hispania. Sasa twende polepole maana utamu wenyewe uko ndani.

Tuanze na walichokuwa wanakitafuta wageni wako. Flamenko si ya Hispania nzima, ni ya Andalusia, kusini kabisa, miji kama Seville, Jerez na Cádiz. Huko Waislamu walitawala karne nyingi mpaka Granada ilipoanguka 1492, Wayahudi waliishi hapo, na kwenye karne ya 15 wakaingia Wajipsi ambao asili yao ya mbali ni kaskazini mwa India. Hao Wajipsi pamoja na maskini wenzao wa Andalusia ndo walioilea hii sanaa mpaka ikajulikana hadharani karne ya 18 na ya 19. Msikilize Camarón de la Isla (alifariki 1992) anavyoshika silabi moja akaipinda, akaivunja, akaipandisha tena, mtu aliyekulia na taarab masikio yake yanasimama papo hapo. Kwenye gitaa kuna mteremko mmoja wa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) utausikia kila mahali: A minor, G, F, afu E, na inatulia pale kwenye E, hairudi A minor kama sisi tulivyozoea kurudi nyumbani. Mpe mpiga solo wenu aupige taratibu mara kadhaa utaona chumba kizima kimehamia Andalusia.

Na mapigo ndo hayafanani kabisa na salsa. Salsa inahesabika nne nne. Flamenko ina mitindo mingi na mingine nayo ni ya nne, lakini ile mizito kama soleá na bulería inazunguka kwenye mapigo 12. Jaribu sasa hivi na viganja vyako, anza kuhesabu na kumi na mbili: 12, 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10, 11, mwendo sawa usiobadilika, afu kaza kofi kwenye 12, 3, 6, 8 na 10. Umepata tatu, tatu, mbili, mbili, mbili. Hiyo ni bulería. Mwanzoni itakutupa nje, ukiirudia mkono unakubali wenyewe, na kwa mtu wa Mombasa anaejua kucheza chakacha si jambo geni sana, mwili wako tayari unajua kubeba tatu na mbili ndani ya mwendo mmoja.

Lakini hata flamenko yenyewe imepokea vitu toka ng'ambo. Ukiangalia video za leo utaona mpigaji kakalia boksi la mbao analipiga kwa mbele, linaitwa cajón. Watu wengi wanadhani ni ala ya kale ya Wajipsi. Hapana, ni ala ya Waafrika wa Peru, vizazi vya watumwa waliopiga maboksi, na Paco de Lucía, mpiga gitaa mkubwa wa Hispania aliyefariki 2014, aliikuta kule Peru mwishoni mwa miaka ya 1970 akarudi nayo, na ndani ya miaka michache tu kila kundi la flamenko likawa nayo. Wahispania wenyewe wana jina la nyimbo za flamenko zilizoenda Amerika zikarudi, wanaziita za kwenda na kurudi, na ndani yake mnahesabiwa guajira na rumba ya flamenko. Hii rumba ya flamenko ndo wanayopiga Gipsy Kings, ambao hata Hispania hawatoki, ni familia za Wajipsi wa kusini mwa Ufaransa, Arles na Montpellier, na ule wimbo wao wa 1987 Bamboléo unaopigwa kwenye kila harusi umejengwa kwa sehemu juu ya Caballo viejo wa Simón Díaz, Mvenezuela. Umeona mzunguko huo? Mjipsi wa Ufaransa anaimba kihispania, wimbo una damu ya Venezuela, na mapigo yanaitwa rumba, jina la Kuba.

Sasa Kuba, na hapa nitakaa maana jibu la swali lako la pili liko hapa.

Mwaka 1791 watumwa wa Haiti walianza mapinduzi, uzalishaji wa sukari pale ukaporomoka, na matajiri wa Kuba wakaona nafasi. Mashamba ya miwa yakapanuliwa na Waafrika wakaletwa kwa mamia ya maelfu, meli ziliendelea kuwashusha mpaka miaka ya 1860, na utumwa ukafutwa 1886. Fikiria maana yake kimziki: wakti gramafoni inaingia Havana bado kulikuwa na wazee waliozaliwa Afrika, wanaopiga ngoma walizofundishwa Afrika. Jambo lingine kubwa, Wahispania waliruhusu Waafrika wawe na vyama vyao kufuatana na makabila, vilivyoitwa cabildo, wanazikana, wanachangiana, wanafanya sikukuu na ngoma zao. Linganisha na Carolina Kusini kwa Waingereza, ambako baada ya uasi wa watumwa wa 1739 sheria ya mwaka uliofuata ilipiga marufuku ngoma. Ndo maana ukisikiliza mziki wa weusi wa Marekani na wa Kuba, undugu upo ila Kuba ngoma ziko wazi mbele. Walikuwepo Wayoruba na ngoma zao za bata, walikuwepo watu wa Cross River mpakani mwa Nigeria na Kameruni, na walikuwepo Wakongo wengi sana, na ngoma ndefu mnazoziita tumba hapo jukwaani kwenu ni za ukoo huo wa Kongo.

Rumba ya asili ya Kuba sasa. Lida wenu akienda leo Matanzas au mitaa ya zamani ya Havana akasema nipigieni rumba, hatoletewa gitaa wala tarumbeta. Ataletewa ngoma, vijiti na sauti za watu, basi. Ilizaliwa kwa wafanyakazi wa bandarini na kwenye nyua za nyumba za kupanga za maskini weusi, na pale ngoma zilipokosekana au kukatazwa walipiga maboksi ya samaki wa chumvi na ya mishumaa. Ina aina tatu zinazojulikana: yambú ya polepole, guaguancó ambayo mwanamume anamtega mwanamke kwa mchezo na mwanamke anajikinga, na columbia ambayo kijadi mwanamume anacheza peke yake akishindana na mpiga ngoma. Haifanani na rumba ya Franco hata kidogo. Usikie moja utashangaa.

Kinachofanana na rumba ya Franco ni kitu kingine cha Kuba kinaitwa son. Hiki kilitoka mashariki ya kisiwa, milimani huko Guantánamo na Santiago, na hapa ndo Mhispania na Mwafrika walikaa meza moja kweli. Mhispania alileta gitaa, ambalo Wakuba waliligeuza likawa tres, nyuzi sita zilizopangwa jozi tatu, na akaleta mashairi, hasa beti ya mishororo 10 yenye mizani 8 kila mshororo, vina vimepangwa kwa sheria kali kabisa, mtu wa pwani anaejua ushairi ataiheshimu mara moja. Mwafrika akaleta bongo (ngoma ndogo mbili zilizounganishwa), akaleta mapigo, akaleta kuitana na kuitikiana. Na akaleta kitu kinachokuhusu wewe binafsi: besi ya son ya zamani ilikuwa marímbula, boksi kubwa la mbao lenye ndimi za chuma, mpigaji analikalia na kuzichonga kwa vidole. Ni ndugu wa malimba na likembe za huku kwetu, imekuzwa tu. Huyo ndo babu wa kazi unayoifanya.

Wimbo wa son unaanza kwa utulivu, mwimbaji anasimulia, afu unafika sehemu inayoitwa montuno ambapo kodi zinakuwa mbili tatu tu zinazunguka, waitikiaji wanashika mstari mmoja, mwimbaji anajibu atakavyo na wachezaji ndo wanainuka kweli. Mtu wa mziki wa dansi akisoma hapo anajua nazungumzia nini, ni chemko hilo. Son ilifika Havana kwenye miaka ya 1909 na kuendelea, Sexteto Habanero wakaanza 1920, Trio Matamoros wakaundwa Santiago 1925, tarumbeta ikaingia kwenye makundi haya kama 1927. Afu akaja Arsenio Rodríguez, kipofu, mpiga tres, aliyezaliwa mkoa wa Matanzas 1911 kwenye familia yenye asili ya Kongo, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 akaongeza piano, akaongeza tarumbeta ziwe zaidi ya moja, na akafanya jambo ambalo wenye kumbi za wazungu walikuwa hawalitaki, akaweka tumba ndani ya bendi. Nasema hivi kwa moyo wangu wote: hakuna mtu mmoja anaestahili kutajwa zaidi yake tukizungumzia salsa, na alifariki Los Angeles 1970 bila kuona pesa ya maana ya kazi hiyo.

Uti wa mgongo wa haya yote ni klave, vijiti viwili vinavyogongwa. Chukua mizunguko miwili ya nne, uigawe hatua ndogo 16, afu gonga kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Ta, ta, ta, kimya kidogo, ta ta. Hiyo ni klave ya son. Sasa sogeza pigo la tatu tu, litoke 7 liende 8, mengine yabaki yalipo, ghafla umeingia kwenye klave ya rumba ya mtaani, guaguancó, na utasikia imekuwa na wasiwasi fulani mtamu. Mtindo huu wa kuwa na pigo moja lisilobadilika ambalo wote wengine wanalizunguka ni wa Afrika, upo Ghana, upo Nigeria, upo mpaka Kongo, unapigwa kwa kengele au kwa kijiti ubavuni mwa ngoma. Mhispania hakuwa nao. Kwa hiyo lida wenu akikwambia tena salsa imetoka Hispania, mpe vijiti viwili umwambie aanzie hapo.

Kuhusu nani alichukua kwa nani. Mwaka 1930 bendi ya Don Azpiazu kutoka Havana ilirekodi New York wimbo wa Moisés Simons, El Manisero, wimbo wa muuza karanga, sauti ni ya Antonio Machín. Ulivuma dunia nzima. Ule wimbo ni son, lakini kampuni ya santuri ikaandika rumba kwenye lebo maana jina hilo liliuzika, na toka hapo Ulaya na Marekani kila kitu cha Kuba kikawa kinauzwa kwa jina la rumba. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ikaanza kutoa Afrika mfululizo wa santuri zenye namba za GV, nyingi zikiwa za Kuba, El Manisero ikiwemo na Trio Matamoros pia. Zikashuka kwenye bandari, zikapanda mto, zikafika Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville, na vijana wakazikariri. Lebo inasema rumba, basi nao wakaita rumba. Ndo maana jina la mziki mzima wa Kongo limekaa juu ya son na si juu ya rumba ya Matanzas.

Lakini usichukulie kwamba Wakongo walinakili tu. Baada ya vita wafanyabiashara Wagiriki wakafungua studio pale Léopoldville, ile iliyoitwa Ngoma ilianza 1948, na mwaka huohuo Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane wakatoa Marie-Louise. Ile miaka ya mwanzo utawasikia wanachomekea maneno yanayofanana na kihispania, lakini lingala ikashika usukani. Piano ya Kuba haikuwepo kwenye mabaa ya Kongo, kwa hiyo kile piano ilichokifanya kwenye montuno, ule mzunguko wa noti zilizovunjwavunjwa, wakakihamishia kwenye gitaa. Kutoka gitaa moja wakaenda mbili, tatu, kila moja na mstari wake, na ile montuno ikarefuka ikawa sebene. Sikiliza African Jazz ya Kabasele iliyoanza 1953 na OK Jazz ya 1956, kwenye rekodi za mwanzo vijiti vya klave unavisikia waziwazi, baadae vinapotea polepole maana magitaa yenyewe yamekuwa klave. Hata wimbo wa uhuru wa Kongo, Indépendance Cha Cha wa 1960, walioutunga Brussels wakti wa mazungumzo ya uhuru, umekaa juu ya chachacha, mtindo alioubuni Enrique Jorrín pale Havana miaka ya mwanzo ya 1950.

Na haikuishia Kongo. Huku Tanganyika Salum Abdallah wa Morogoro aliita bendi yake Cuban Marimba, jina linajieleza, na usikilize zile nyimbo zake bongo, maraka na uimbaji wa sauti mbili ni za makundi ya Kuba ila kiswahili ni chetu mwanzo mwisho. Taarab ya Tanga nayo, Black Star na wenzao, wakaweka magitaa na mapigo ya rumba chini ya mashairi ya pwani. Hapo Mombasa mmeyasikia hayo toka mko tumboni, ndo maana salsa kwenu haina ugeni.

Kwa hiyo jibu langu: mapigo yalienda Kuba kwenye meli za watumwa, kule yakaoana na gitaa na mashairi ya Mhispania, afu karne ya 20 mtoto wao akarudi kwenye santuri. Ila mi siungi mkono wanaosema kwamba basi son ni mali ya Kongo. Watu weusi wa Kuba walitunga kitu kipya kwenye mazingira magumu mno, walikijenga na Wayoruba na maskini wa Kihispania waliokaa nao milimani, heshima hiyo ni yao.

Salsa kama jina ni ya baadae kabisa. Baada ya mapinduzi ya 1959 Marekani na Kuba wakakosana, wanamziki wa Havana hawakuweza tena kuja New York kirahisi, pengo likajazwa na vijana wa Puerto Rico waliozaliwa au kukulia mitaa ya Bronx na Harlem. Mwaka 1964 Johnny Pacheco, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, na wakili Jerry Masucci wakaanzisha kampuni ya Fania, na miaka ya 1970 mziki wao, ambao msingi wake ni son ya Arsenio iliyoongezewa ukali wa trombone na jazi ya mjini, ukauzwa kwa jina la salsa. Septemba 1974 Fania All-Stars pamoja na Celia Cruz wakatua Kinshasa kwenye lile tamasha lililopangwa kwenda sambamba na pambano la Ali na Foreman. Video zipo, tafuta uone uwanja ule unavyoitikia. Wakinshasa hawakuhitaji kutafsiriwa kitu.

Hayo mengine nayapita haraka. Bachata ni ya Jamhuri ya Dominika, ilianza kurekodiwa 1962 baada ya dikteta Trujillo kuuawa, ni mtoto wa bolero, magitaa na machungu ya mapenzi, matajiri waliidharau miaka mingi mpaka Juan Luis Guerra alipoipeleka juu 1990. Merengue ni ya hukohuko, mbio mbio, ina kodiani iliyotoka Ujerumani na ngoma ya tambora. Cumbia ni ya pwani ya Kolombia, filimbi za wenyeji Wahindi wekundu juu ya ngoma za Waafrika. Tango ni ya Buenos Aires na Montevideo. Reggaeton ina njia yake: ragga ya Jamaika, hasa mapigo ya Dem Bow ya Shabba Ranks, ikaingia Panama ambako wajukuu wa Wajamaika walikuwa wanaimba kihispania, ikaenda Puerto Rico, na 2004 Daddy Yankee akaachia Gasolina dunia ikajaa. Na kitu kizuri cha kuangalia, chukua nusu ya kwanza tu ya klave, 1, 4, 7, irudie kila baada ya hatua 8 bila ile nusu ya pili. Umepata mfupa wa tango ya zamani, wa reggaeton, na wa nyimbo nyingi za Bongo Fleva za leo.

Haya, besi yako. Nadhani huchelewi, na drama wenu nae hajakosea kusikia hivo. Bendi nyingi za kwetu tumezoea besi ikite moja, drama akiisikia anajua mko pamoja. Kwenye salsa besi inaikimbia moja. Hesabu kwa sauti: moja na mbili na tatu na nne na. Noti yako ya kwanza inaangukia kwenye ile "na" baada ya mbili, ya pili inaangukia kwenye nne, na hiyo ya nne unaishikilia inavuka moja bila kupiga tena mpaka "na" ya mbili inayofuata. Siri ni kwamba hiyo noti ya nne tayari ni ya kodi inayokuja. Kama mnatoka A minor mnaenda E, we unapiga E kwenye nne wakti piano na gitaa bado wako A minor, unawatangulia. Sasa kama unaipiga kwenye nne kwa sehemu sahihi lakini kichwani unaiwaza kama moja iliyowahi, utavutwa nyuma kidogo kidogo kila mzunguko, na ndo huko "kuchelewa" anakokusikia. Dawa yake ni mguu. Mguu wako ukanyage moja, mbili, tatu, nne kama saa, usiukubalie ufuate vidole. Fanya peke yako na mtu wa kugonga klave kabla hujaenda na drama, anza na kodi mbili tu, taratibu mno, na drama mwambie kwa wiki nzima aache kick (ngoma kubwa ya mguu) kwenye moja, apige kengele tu.

Jambo moja litawaudhi mwanzoni: klave ina upande wa mapigo matatu na upande wa mawili, na wimbo una upande wake wa kuanzia. Mkianza upande usio wake kila kitu kitakuwa sawa kwenye hesabu na bado kitasikika kibovu. Sikilizeni sauti ya mwimbaji kwenye kiitikio, mwekeeni klave pande zote mbili mkiwa mmekaa tu, upande mmoja maneno yatakaa juu ya vijiti na mwingine yatapigana navyo. Hakuna haja ya nadharia zaidi ya hapo.

Mkitaka kujiandaa na wageni wengine, ningeanza na Chan Chan ya Compay Segundo, ile iliyofungua albamu ya Buena Vista Social Club iliyorekodiwa Havana 1996, kodi nne zinazunguka polepole, son tupu, nafasi nzuri kwako kuizoea hiyo nne. (Ile albamu ilipangwa wanamziki wa Mali waje kupiga na Wakuba, Wamali wakakwama safari, ikabidi wazee wa Havana wapige wenyewe.) Afu muunganishe na OK Jazz ya miaka ya 1960, hapo mchanganyiko wenu wa zamani ni halali kabisa na mwambieni lida asiuache, ila autangaze kwa jina lake, mziki wa Kuba na Kongo. Kwa Wahispania wekeni Bamboléo peke yake, msimame kabla yake, msiichomeke katikati ya salsa maana haina klave ya kushika, mkono wa gitaa ndo drama yote. Tumba zipumzike, mpeni drama wenu boksi la mbao kavu akalie apige katikati kwa sauti nzito na pembeni juu kwa kali, na nyie wengine makofi. Besi hapo unaruhusiwa kuikita moja kadri unavyotaka. Mkishaipiga nirekodie kwa simu dakika moja ya Chan Chan besi ikisikika, nitumie nisikie hiyo nne inaangukia wapi.